Miaka Ishirini Bandarini, Lakini Nani Shahidi?

Matangazo ya kazi yanayosambazwa siku hizi katika makundi ya WhatsApp ya mawakala wa forodha, madereva na makarani wa maghala hapa Mombasa yamezua kilio kimoja: wazee wa kazi hawatakiwi tena. Tangazo likitaja umri usiozidi miaka 35, au likimtaka mwombaji ajaze fomu mtandaoni badala ya kupeleka barua kwa mkono, kundi zima hulipokea kama hukumu. Mtu aliyefanya kazi za bandari miaka ishirini na kupigwa kalamu kampuni yake ilipofungwa hutuma maombi, husubiri simu isiyokuja, kisha hukata shauri kwamba umri ndio uliomponza. Uchungu huo naujua na siudharau. Hata hivyo, naamini tunaisoma vibaya hali yenyewe. Wengi wa watu hawa wamekwama kwa sababu ujuzi wao hauna shahidi ambaye mwajiri asiyewajua anaweza kumwamini. Uzoefu wanao, tena mwingi, ila umekaa vichwani mwao, katika kumbukumbu za bosi wa zamani na kwenye mafaili ya kampuni ambayo leo haipo.

Kwa miongo mingi kazi mjini hapa ilipatikana kwa jina la mtu. Mwenye kampuni ya klaringi, yaani ya kuwatolea wateja mizigo forodhani, akihitaji karani, alimuuliza mwenzake barazani au kwenye foleni ya forodha: yule kijana wa kwa fulani vipi, anaaminika? Jibu likiwa zuri, kijana alianza kazi kesho yake asubuhi. CV haikuulizwa, barua ya ajira mara nyingi haikuandikwa, na cheo kilikuwa kile watu walichokuita. Utaratibu huo ulifaa maadamu anayeajiri, anayeajiriwa na anayemsemea wote waliishi kati ya Kisauni na Changamwe na kuonana kila wiki. Jina la mtu lilikuwa ndilo cheti chake.

Kisha mambo yakabadilika kwa kasi. Januari 2018 reli mpya ya SGR ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi ilianza kubeba shehena, na Agosti 2019 mamlaka za bandari na ushuru zikatoa ilani kwamba mizigo yote ya kuelekea Nairobi na bara isafirishwe kwa reli hiyo. Mji, ukiona kazi zake zinahamia bara, uliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Agizo likasitishwa mwaka huohuo, na Septemba 2022 Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Wengi walielewa tangazo lile kuwa viti vyao vilevile vinawasubiri. Mizigo kweli ipo: mwaka 2024 bandari ilihudumia zaidi ya tani milioni 41, na makontena yakavuka milioni 2 kwa kipimo cha kontena la futi 20. Kwa hiyo anayesema kazi zimekwisha Mombasa ana kibarua kizito cha kueleza ni nani anayeishughulikia shehena yote hiyo. Ila katika miaka ile ya misukosuko kampuni nyingi ndogo zilifunga milango, nyingine zikahamishia maamuzi yao Nairobi, na uajiri ukaingia mikononi mwa watu wa rasilimali watu wasiomjua mtu hata mmoja Shimanzi. Hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu zilipitia yayo hayo baada ya Machi 2020, korona ilipozima safari za watalii: mameneja na wapishi wakuu waliorudishwa nyumbani kwa miezi michache waligundua baadaye kwamba hoteli ina uongozi mpya na mkataba wa namna nyingine. Kwa hao wote, jina lilibaki mjini na mwenye kuajiri akawa mbali.

Tuanze na hoja ya umri, maana ndiyo yenye nguvu. Ubaguzi wa umri upo. Kifungu cha 27 cha Katiba kinautaja umri miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo, na tangazo linaloweka kikomo cha miaka 35 kwa kazi ya kukaa kwenye dawati linastahili kuhojiwa hadharani. Waajiri wana hofu zao pia, na wakiulizwa faraghani huzisema: mtu mzima atataka mshahara mkubwa, hatakubali kuelekezwa na meneja mdogo kuliko yeye, na amezoea njia za zamani. Hofu nyingine si za uzushi. Lakini tazama bandari hiihii. Nahodha wa miaka 50 na ushei hutafutwa. Mhandisi wa mitambo ya meli, rubani wa kuingiza meli gatini, mkaguzi wa shehena anayeandikia kampuni za bima, wote hupata kazi wakiwa na mvi, na mvi hizo huhesabiwa kuwa faida. Wana kitu ambacho karani wa ghala hana, yaani rekodi inayosafiri pamoja nao. Baharia ana kitabu chake cha utumishi chenye jina la meli, tarehe ya kupanda na ya kushuka, wadhifa, na sahihi ya nahodha. Ana vyeti vinavyofuata STCW, mkataba wa kimataifa wa 1978 kuhusu mafunzo na vyeti vya mabaharia, ambavyo ofisa wa Rotterdam au Singapore huvielewa bila kumpigia mtu simu Mombasa. Mpe huyu miaka 48 na mpe deklaranti, yaani mtayarishaji wa hati za forodha, miaka hiyohiyo, kisha uone nani huulizwa umri kwanza.

Hoja ya pili ni kujuana: kazi hupewa watu wa watu. Hapa Pwani malalamiko hayo yana historia ndefu, na suala la wenyeji kupata nafasi bandarini ni la haki, halipaswi kupuuzwa. Lakini ukiuchunguza mfano mmojammoja utaona kwamba mara nyingi anayemleta mtu humwondolea mwajiri wasiwasi kabla ya chochote kingine. Anasema: huyu nimefanya naye kazi, hakuibii, hakupotezei hati, akikosea atakwambia. Huo ni ushahidi, ingawa umetolewa kwa mdomo. Basi mtu asiye na wa kumsemea ndani ya kampuni ana njia mbili: anung'unike, au alete ushahidi wa namna nyingine unaoweza kushindana na ule wa mdomo. Sisemi mizani iko sawa. Nasema ya pili ina nafasi ya kuzaa mshahara.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayokula pesa za watu: rudi chuoni ukachukue digrii. Kwa mujibu wa kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007, anayepunguzwa kazi hulipwa angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Aliyetumikia miaka 18 anapata siku 270, yaani takriban miezi tisa ya mshahara. Hiyo ndiyo akiba yake yote ya kumvusha. Nimeona watu wazima wenye watoto sekondari wakiipeleka akiba hiyo kwenye karo ya shahada ya usimamizi wa biashara, wakamaliza miaka miwili au mitatu baadaye wakiwa na deni, na wakaketi kwenye mahojiano na vijana wenye karatasi ileile waliyoipata wakiwa na miaka 23. Digrii inathibitisha kwamba umesoma. Swali la mwajiri kwa mtu wa miaka 45 ni jingine: umefanya nini, na nani alikuona? Kwa kutaka kushindana na kijana mahali kijana alipo na nguvu, mtu mzima anaacha nyuma uwanja ambao kijana hawezi kuukanyaga.

Kuna masomo yanayofaa, nayo ni yale yanayofungua kufuli mahususi. Wakala wa forodha asiye na EACFFPC, cheti cha Afrika Mashariki cha kazi ya uwakala wa forodha, kinachofundishwa katika KESRA, chuo cha mamlaka ya ushuru chenye tawi hapa Mombasa, ana sababu ya kukitafuta, maana kinatambulika Kampala na Dar es Salaam pia. Fundi wa magari, mchomeleaji au fundi umeme aliyejifunzia gereji anaweza kufanya majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, kutoka daraja la 3 hadi la 1. Upo pia mpango wa kutambua ujuzi alioupata mtu nje ya darasa, unaoratibiwa na KNQA, mamlaka ya kitaifa inayosimamia viwango vya vyeti na sifa za masomo, ambapo mtu hutathminiwa kwa anachoweza kufanya. Zote hizi ni njia za kupata shahidi, na hazimtaki mtu aanze upya.

Sasa tuje kwenye ushahidi wenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wenye uzoefu hujinyima haki yao. Kifungu cha 51 cha sheria hiyohiyo ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi kila mfanyakazi anayeondoka baada ya kutumikia wiki nne mfululizo au zaidi. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali pake, na tarehe ya kumaliza. Mwajiri anayekikataa kwa makusudi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Watu wangapi waliofungiwa kampuni mwaka 2019 walikidai? Walihangaikia malimbikizo ya mishahara, na ni haki yao, lakini karatasi hiyo moja waliiacha, na leo mwenye kampuni hapatikani. Tambua pia mpaka wa cheti chenyewe: sheria hiyohiyo inasema mwajiri halazimiki kuandika lolote kuhusu tabia au utendaji wako. Cheti kitathibitisha kwamba ulikuwapo. Kwamba ulikuwa hodari, hilo utalithibitisha mwenyewe.

Na namna ya kulithibitisha huanza na kuacha kujisifu kwa maneno matupu. Chukua CV ya deklaranti kama nilizowahi kuombwa nizipitie: "Nina tajriba ya miaka 18 katika forodha. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma." Msomaji wa Nairobi hana la kushika hapo, kwa sababu hata mvivu huandika hivyohivyo. Mtu huyohuyo akikaa chini na kukumbuka, anaweza kuandika kitu cha namna hii: "Kati ya 2008 na 2022 nilitayarisha hati za forodha za magari yaliyotumika na vipuri, wastani wa mafaili 40 kwa mwezi, kwanza kwenye mfumo wa kompyuta wa forodha wa Simba na baadaye iCMS. Nilisimamia makarani watatu wa nje. Forodha ilipopandisha thamani ya shehena, mimi ndiye niliyeandika pingamizi. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoongeza kiwango cha asilimia 35 katika ushuru wa pamoja, nilipitia upya bidhaa za wateja wetu wote na kuwaeleza zipi zitapanda." Hakuna sifa hata moja ndani yake. Lakini kila sentensi inaweza kuulizwa kwenye mahojiano, na anayeisema kwa uongo atajulikana katika dakika tano. Sentensi ile ya 2022, zaidi ya hayo, inajibu hofu ya kwamba wazee hawafuatilii mapya, tena bila kuitaja hofu yenyewe.

Hesabu hizo zitoke wapi ikiwa kampuni imekufa? Kutoka kwenye hati za malipo, barua za kupandishwa cheo, ratiba za zamu, barua pepe za kukupongeza, na vitabu vidogo vya kumbukumbu ambavyo makarani wengi huviweka. Ila tahadhari: hati za wateja, kama vile bili za shehena na ankara, si mali yako, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 si ya kuchezea. Andika idadi, aina ya bidhaa na tatizo ulilolitatua, na majina ya wateja uyaache. Mwajiri mwenye akili atakuona unatunza siri, naye anatafuta mtu wa namna hiyo.

Wadhamini nao wengi huwachagua vibaya. Mtu anaandika jina la sheikh au mchungaji, la chifu wa mtaa na la mjomba aliyestaafu serikalini, kwa sababu ni watu wa heshima. Ni kweli wana heshima, lakini hawakukuona ukifanya kazi. Mtafute aliyekuona, hata akiwa na cheo cha chini: msimamizi wa zamu, dereva mkuu, mteja uliyemtolea mzigo, hata ofisa wa kampuni shindani mliyekuwa mkigombania foleni. Chukua nambari yake binafsi, kwa kuwa nambari ya ofisi hufa na ofisi. Na umwandae kabla ya kupigiwa. Ujumbe mfupi unatosha: "Shikamoo mzee. Ni yule kijana wako wa dawati la magari. Nimeomba kazi kwa waagizaji wa vipuri, huenda wakakupigia wiki hii. Ukiweza, wasimulie ile shehena iliyokwama 2017, jinsi tulivyoitoa kabla ada ya storeji haijapanda." Mdhamini aliyekumbushwa kisa hutoa kisa, asiyekumbushwa husema tu kwamba ulikuwa mtu mzuri, simu ikakatwa.

Jambo hili linanikera, acha nilitaje. Kabla hata ya kutuma maombi, watu wasio na kipato hutoa pesa kutafuta cheti cha tabia njema, cha kulipa kodi, cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), cha taasisi za kukadiria mikopo na cha tume ya maadili, wakidhani kifurushi hicho ndicho kitakachowapa kazi. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya 2022 yanasema mwajiri anaweza kuvidai vyeti hivyo pale tu anapokusudia kuingia nawe mkataba wa maandishi. Anayekudai kabla hajaonyesha nia ya kukuajiri anakwenda kinyume na sheria, na anayekutaka umtumie pesa ili "akushughulikie faili" ni tapeli, hata jina la kampuni analolitumia likiwa kubwa vipi. Vyeti hivyo vinasema huna deni na huna kesi. Kuhusu uwezo wako wa kuendesha ghala havisemi neno.

Ushahidi ukishapangwa, uwanja hupanuka kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Anayetafuta kazi kwa jina la cheo chake cha zamani hupiga hodi kwenye kampuni zilezile za klaringi, zilizo nyingi na zenye malipo haba. Lakini ujuzi wa kutoa mzigo forodhani unahitajika pia upande wa pili wa meza: kwa waagizaji wanaochoka kudanganywa na mawakala, kwa wauzaji wa parachichi wanaosafirisha kwa makontena ya baridi na kupata hasara kila hati ikichelewa, kwa kampuni za chai zinazonunua kwenye mnada wa Mombasa, kwa mashirika ya misaada yanayopitisha chakula bandarini kuelekea Sudan Kusini, kwa kampuni za bima, na kwa viwanda vinavyotarajiwa katika eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu. Meneja wa hoteli aliyesimamia ununuzi wa vyakula vya wageni mia tatu anajua mambo ambayo hospitali binafsi na shule za bweni huyahitaji. Hawamwiti kwa sababu CV yake inasema "meneja wa hoteli" na kuishia hapo.

Malipo nayo yazungumzwe waziwazi. Kazi nyingi zinazopatikana kwa mtu mzima leo ni za mkataba wa miezi mitatu au sita, au za kulipwa kwa kila kazi. Wapo wanaoziona kuwa ni kushushwa hadhi. Mimi naona zina hatari na zina faida. Hatari yake ni kwamba hakuna likizo wala bima, na ukilipwa kama mshauri, mlipaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 ambayo usipoiwekea hesabu itakuvuruga mwisho wa mwaka. Faida yake ni kwamba mkataba mfupi humpa mwajiri asiyekujua nafasi ya kukuona kwa macho yake, na wewe unaondoka na shahidi mpya wa mwaka huu, si wa 2017. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, omba iandikwe ndani ya mkataba kwamba ukimaliza utapewa barua inayoeleza kazi uliyoifanya na matokeo yake. Ombi hilo halimgharimu mwajiri shilingi, na jinsi anavyolipokea itakuonyesha ni mtu wa aina gani.

Waajiri nao wana lao la kujibu. Anayekata watu kwa miaka 35 anafanya hivyo kwa sababu ni rahisi kuliko kupima. Kipimo kipo karibu: mpe mwombaji faili halisi lililofutwa majina, lenye kosa ndani yake, na nusu saa ya kulitafuta. Kijana hodari atalipata, mzee mzembe atashindwa, na umri utakuwa umejitoa wenyewe kwenye mazungumzo. Vyama vya mawakala wa forodha, vya wasafirishaji na vya wenye hoteli vinaweza kwenda mbele zaidi na kuanzisha kitabu cha utumishi kwa wafanyakazi wa nchi kavu mfano wa kile cha baharia: kampuni inaandika tarehe, wadhifa na aina ya shehena au huduma, msimamizi anatia sahihi kila mwaka, na nakala inawekwa chamani. Gharama yake ni ndogo, na vyama hivyo tayari vina orodha za wanachama na ada zinazokusanywa. Hadi hapo vitakapoamua, aliye kazini leo ana muda wa kuomba karatasi zake wakati mlango wa ofisi ungali wazi na mwenye muhuri angali ndani.